Kubana Fedha Mdomoni, Kuzimwaga Mpakani

Yako mambo mawili ambayo kiongozi wa wabunge wa chama cha Republican nchini Marekani hawezi kuyakwepa kila aketipo na waandishi wa upande wake. Jambo la kwanza ni matumizi ya Serikali, na la pili ni wahamiaji. Waandishi humwuliza: Bwana Kiongozi, mbona fedha ya mlipa kodi inamwagika hivi nasi ndio tuliokipa chama wingi wa viti? Akiisha kujibu hilo humwuliza tena: na mpaka wa kusini mtaufunga lini? Naye hujibu yote mawili kwa saa moja, kwa mdomo mmoja, kana kwamba ni mafaili mawili yaliyowekwa katika makabati mbalimbali, wala hapana mtu katika chumba hicho amwambiaye kuwa faili ni moja.

Sisi twaona ni faili moja. Tena twaona habari hii yawahusu wanachama na wafanyakazi wa huku kwetu, ingawa wengi wetu hatutakanyaga Washington maisha yetu yote, kwa kuwa yaonyesha waziwazi jinsi chama kikubwa kinavyoweza kushika nchi na huku hakijui kujishika chenyewe.

Tumchukue Bwana John Boehner wa Ohio awe mfano, kwa sababu yeye aliyapitia yote kutoka chini hata juu. Ni mtoto wa mwenye kilabu cha pombe, mmoja katika watoto kumi na wawili, na katika ujana wake alipiga deki kilabuni kwa baba yake. Si mtu wa kudharauliwa. Mnamo tarehe 2 Februari, 1976 ingalikuwa ndoto kwake, lakini tarehe 2 Februari, 2006 wabunge wa Republican walimchagua awe Kiongozi wa Walio Wengi katika Baraza la Wawakilishi, mahali pa Bwana Tom DeLay aliyejiuzulu akikabiliwa na mashtaka ya jinai. Sifa yake moja ilikuwa ya kweli, nasi hatutamnyima: tangu aingie Bungeni hakuwahi kuomba fungu la fedha lipenyezwe katika sheria kwa ajili ya jimbo lake mwenyewe. Doa lake nalo lilikuwa la kweli. Mwaka 1995 aligawa hundi za makampuni ya tumbaku kwa wabunge wenzake ndani ya ukumbi wa Baraza, jambo ambalo yeye mwenyewe baadaye alikiri kuwa halikufaa.

Siku hizo gumzo lote la matumizi lilikuwa juu ya mafungu hayo ya kupenyezwa. Mwezi wa Agosti, 2005 Rais George W. Bush alikuwa ametia sahihi sheria ya barabara kuu yenye thamani ya dola bilioni 286, na ndani yake mlikuwamo miradi ya wabunge zaidi ya 6,000. Mmoja wa miradi hiyo ulipata jina duniani kote. Ulikuwa daraja la kuunganisha mji wa Ketchikan huko Alaska na kisiwa cha Gravina chenye wakazi wapatao 50 na kiwanja cha ndege, nao ulitengewa dola milioni 223. Watu walicheka, wakakasirika, wakaliita daraja lisilokwenda mahali popote. Baada ya kelele Bunge liliondoa amri ya kujenga daraja, lakini fedha likaiachia Alaska ile ile itumie ipendavyo! Daraja lenyewe liliachwa mwaka 2007.

Kelele hizo zilikuwa na haki. Lakini mwenye kujua hesabu hawezi kuridhika nazo. Mafungu hayo yote yakikusanywa hayakufika hata mbili katika kila mia ya matumizi ya Serikali ya Marekani kwa mwaka. Mwaka 2000 Hazina ya nchi hiyo ilikuwa na ziada ya dola bilioni 236. Mwaka 2004 ilikuwa na upungufu wa dola bilioni 413. Je, ni daraja la Ketchikan lililofanya hivyo? Hapana. Kodi zilipunguzwa mwaka 2001 na tena mwaka 2003, nao waliofaidi zaidi ni wenye mapato makubwa. Vita viwili vilianzishwa, cha Afghanistan na cha Iraq, bila kodi ya kuvilipia. Kisha ikaja sheria ya dawa za wazee, ambayo katika usiku wa kuamkia tarehe 22 Novemba, 2003 upigaji kura wake uliachwa wazi kwa muda wa karibu saa tatu, wakubwa wa chama wakizunguka ukumbini na kuwabana wabunge wao mmoja mmoja hata ikapita kwa kura 220 dhidi ya 215. Sheria ile ilikuwa na manufaa kwa wazee, hatukatai. Tunalosema ni kwamba chama kilichokesha kuipitisha ndicho kilichoamka asubuhi kuhubiri ubanaji wa matumizi.

Basi kiongozi aliyekaa mbele ya waandishi mwaka 2006 alikuwa na shida. Asingeweza kukana kodi zilizopunguzwa, kwa kuwa ndizo fahari ya chama. Asingeweza kuvikana vita. Alibakiwa na daraja. Na daraja likiisha kusemwa, mazungumzo huhamia mpakani, maana mpakani hapana mpiga kura wa kumwudhi.

Tarehe 16 Desemba, 2005 Baraza la Wawakilishi lilikuwa limepitisha, kwa kura 239 dhidi ya 182, mswada uliotaka kumfanya kila mtu aliyemo Marekani bila karatasi kuwa mhalifu wa kosa kubwa la jinai, na kumtia hatiani hata yule amsaidiaye. Watu wa namna hiyo walikadiriwa kuwa milioni 11 au zaidi. Nani angewakamata? Jela zipi zingewatosha, na askari wangelipwa kutoka fungu gani? Hao waliohesabu wakazi wa kisiwa cha Gravina mmoja mmoja hawakuuliza swali hilo. Lakini wenyewe wapishi, waosha vyombo, wachuma zabibu na waashi wa nyumba walijibu kwa miguu. Mwezi wa Machi, 2006 watu kiasi cha nusu milioni waliandamana katika mji wa Los Angeles peke yake, na tarehe 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, ambayo Marekani haiiadhimishi ingawa asili yake ni Chicago, mamia ya maelfu waliacha kazi na kujaza barabara za miji mingi. Seneti ilipitisha mswada wa namna nyingine tarehe 25 Mei, kwa kura 62 dhidi ya 36, wenye njia ya kuwapa watu hao haki ya kukaa. Baraza la Bwana Boehner halikutuma wajumbe wa kuipatanisha miswada miwili hiyo. Lilituma kamati zake zizunguke nchi kusikiliza malalamiko wakati wa kiangazi, kisha mwezi wa Oktoba Rais akatia sahihi sheria ya kujenga ua wa maili zipatazo 700. Mwezi wa Novemba Republican walishindwa, wakapoteza wingi wao katika mabaraza yote mawili.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana msomaji aliye mfanyakazi ataka kujua watu hao walifikaje huko kwanza. Hawakuanguka kutoka mbinguni. Kuanzia mwaka 1942 hata 1964 Serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa ikiwaajiri Wamexico kwa mikataba ya muda, wakalime na kuvuna na wakiisha warudi kwao. Mikataba iliyoandikwa ilizidi milioni nne. Katika miaka ya mwanzo kila mtu alikatwa kumi katika kila mia ya mshahara wake, akaambiwa kuwa ni akiba atakayoipokea akifika nyumbani, na wengi walifika uzeeni bila kuiona. Na mwaka 1954, mikataba ikiendelea, serikali hiyo hiyo ilifanya msako mkubwa wa kuwafukuza Wamexico wasio na karatasi. Kwa mkono mmoja wanaitwa, kwa mkono wa pili wanafukuzwa!

Wazee wetu wanaokumbuka habari za mkonge hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Waliwaona manamba wakiletwa kwa malori na kwa reli kutoka mbali, wengine kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji, kila mtu na nambari yake, na kipande chake cha kuhesabiwa siku za kazi. Tajiri wa shamba hakuchagua mtu wa mbali kwa kuwa alimpenda. Alimchagua kwa kuwa mtu wa mbali hana shamba la kukimbilia wala ndugu wa kumtetea, na mkataba ukiisha hurudishwa kwao. California na Texas lugha yao ni nyingine, hesabu ya tajiri ni ile ile. Nayo sheria ilimsaidia: ile sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanyakazi wa Marekani haki ya kuunda vyama na kujadiliana na matajiri wao iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani, na hata leo imewaacha nje.

Vyama vya wafanyakazi vya Marekani vilichukua muda mrefu kulitambua hilo. Kwa miaka mingi vilimwona mgeni asiye na karatasi kuwa mvunja mgomo tu, na mara nyingine kweli alitumiwa hivyo. Sheria ya mwaka 1986 iliyotiwa sahihi na Rais Reagan iliwapa watu wapatao milioni 2.7 haki ya kukaa, na papo hapo ikakataza tajiri kumwajiri asiye na karatasi "kwa kujua". Neno hilo dogo ndilo mlango alimotokea tajiri. Akiletewa karatasi ya uongo anasema hakujua. Mfanyakazi akianza kudai ujira wake au kuzungumza habari za chama, hapo ndipo tajiri anapokumbuka kuzichungulia zile karatasi. Mwezi wa Februari, 2000 shirikisho la AFL-CIO liligeuza msimamo wake, likataka adhabu hizo zifutwe na watu hao wahalalishwe, kwa kuwa lilikwisha kuona kwamba mfanyakazi anayeweza kutishwa kwa kufukuzwa nchini huushusha mshahara wa mwenzake aliye raia. Huko ndiko kufikiri kwa kifanyakazi, nasi twaliunga mkono.

Turudi kwa kiongozi wetu. Mwaka 2011 Bwana Boehner alikuwa Spika. Tarehe 27 Juni, 2013 Seneti ilipitisha, kwa kura 68 dhidi ya 32, mswada mpya wa wahamiaji, wenye maseneta 14 wa chama chake mwenyewe ndani ya hizo kura 68. Haukuwa mswada wa ukarimu wa kupita kiasi. Mhamiaji angengoja miaka 13 kupata uraia, angelipa faini na kodi aliyokuwa akidaiwa, na mpakani wangeongezwa walinzi wakafika karibu 40,000. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo haina chama, ikapiga hesabu. Ikasema mswada huo ukiwa sheria utapunguza upungufu wa Hazina kwa dola bilioni 135 hivi katika miaka kumi ya kwanza, na kwa dola bilioni 700 hivi katika miaka kumi itakayofuata. Sababu yake si uchawi: watu wanaofanya kazi wakitoka gizani hulipa kodi. Hata wakiwa gizani wengi wanalipa. Mhasibu mkuu wa mfuko wa pensheni wa nchi hiyo alikadiria kwamba mwaka 2010 peke yake wafanyakazi wasio na karatasi waliuachia mfuko ule dola bilioni 12 kupita walizozichukua, pensheni ambayo wengi wao hawataipata kamwe.

Hapo ndipo faili moja lilipowekwa mezani mbele ya mtu aliyesema maisha yake yote kwamba kazi yake ni kubana matumizi. Njia ya kuipunguzia Hazina mzigo ilikuwa imepitishwa na Seneti. Yeye hakuileta hata ipigiwe kura. Si kwamba ilishindwa, haikuletwa.

Kwa nini? Kwa sababu ya kanuni isiyoandikwa ya wabunge wa Republican, iliyotangazwa zamani na Spika Dennis Hastert, kuwa mswada hauletwi Barazani usipoungwa mkono na walio wengi wa chama chenyewe, hata kama Baraza zima lingeupitisha. Wanachama wetu wasituelewe vibaya. Sisi si maadui wa nidhamu ya chama. Ni jambo jema wabunge wa chama wakutane faraghani, wabishane mpaka usiku, kisha wakitoka wawe na sauti moja. Bila hiyo chama ni soko. Lakini nidhamu ya namna hiyo ina masharti mawili: kwanza mjadala uwepo, na pili uamuzi utolewe. Wabunge wa Bwana Boehner hawakuamua. Mwezi wa Januari, 2014 uongozi ulitoa karatasi ya misingi ya kurekebisha sheria za wahamiaji. Baada ya wiki moja Spika mwenyewe akasema mambo ni magumu kwa kuwa wenzake hawamwamini Rais Obama. Mwezi wa Aprili, katika mkutano wa hadhara nyumbani kwake Ohio, akawaigiza wabunge wenzake kwa sauti ya mtoto anayelia asipewe kazi ngumu. Watu walicheka sana. Sisi hatukuona la kuchekesha. Kiongozi anayewasengenya wafuasi wake nje kwa jambo asilothubutu kuwaambia ndani amekwisha kuacha kuongoza.

Tarehe 10 Juni, 2014 Bwana Eric Cantor, Kiongozi wa Walio Wengi wakati huo, aliangushwa katika uteuzi wa chama chake huko Virginia na mwalimu wa uchumi ambaye hakujulikana, aliyemshambulia hasa kwa habari ya wahamiaji. Tangu cheo hicho kianzishwe mwaka 1899 jambo kama hilo lilikuwa halijatokea. Mswada ukazikwa siku hiyo. Na mwezi wa Februari, 2015 likatukia jambo la ajabu zaidi: ili kumkomoa Obama kwa amri yake juu ya wahamiaji, wabunge wa Republican walizuia bajeti ya Wizara ya Usalama wa Ndani, ndiyo hiyo hiyo inayolipa mishahara ya walinzi wa mpaka! Tarehe 27 mswada wa kuiendesha wizara kwa wiki tatu tu ulianguka kwa kura 203 dhidi ya 224, na zaidi ya wabunge 50 wa Spika walipiga kura kumpinga Spika wao. Alilazimika kuomba kura za wapinzani wake. Mwezi wa Septemba alitangaza kuwa anajiuzulu.

Waliokuja nyuma yake hawakubadili njia, waliongeza mwendo. Kuanzia tarehe 22 Desemba, 2018 Serikali ya Marekani ilifungwa kwa siku 35 kwa sababu Rais Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta. Wafanyakazi wa Serikali wapatao 800,000 walikosa mshahara, na karibu nusu yao walitumwa nyumbani huku wengine wakifanya kazi bila kulipwa. Ofisi ya Bajeti ikahesabu kwamba uchumi ulipoteza dola bilioni 11, na kwamba bilioni 3 katika hizo hazitarudi. Na tarehe 4 Julai, 2025 ikatiwa sahihi sheria iliyopita Barazani kwa kura 218 dhidi ya 214, ambayo ndani yake zimo dola bilioni 46.5 za ukuta na dola bilioni 45 za kujenga na kuendesha mahabusi ya wahamiaji. Kwa jumla, ofisi ile ile ilisema, sheria hiyo itaongeza upungufu wa Hazina kwa dola trilioni 3.4 katika miaka kumi, huku misaada ya matibabu na ya chakula kwa maskini ikipunguzwa. Hao ndio wabanaji wa matumizi. Ketchikan inatukumbusha siku za udogo.

Wala sisi Waafrika tusijifanye watakatifu. Ghana ilifukuza wageni mwaka 1969. Nigeria ikawafukuza Waghana na wengine, watu wapatao milioni mbili, mwaka 1983. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku tisini, na watu wengi walishangilia mpaka maduka yalipobaki matupu. Mwalimu Nyerere alisema wazi wakati ule kuwa ni ubaguzi wa rangi. Kila mara sababu iliyotolewa ilikuwa uchumi, na kila mara waliofukuzwa hawakuwa wao walioshika funguo za Hazina.

Katika ile sheria ya mwaka 2025 kuna kifungu kimoja ambacho hakikuzungumzwa sana huko, lakini kinafika mpaka Mbagala na Kariakoo. Tangu tarehe 1 Januari, 2026 mtu aliyeko Marekani akitaka kuwatumia ndugu zake fedha nje ya nchi, naye akaipeleka dirishani taslimu, anakatwa kodi ya dola moja katika kila mia. Mwenye akaunti ya benki akituma kutoka humo hakatwi kitu. Atakayeikuta kodi hiyo ni mwosha vyombo, mwuguzaji wa wazee na dereva wa usiku, raia au si raia, ambaye hulipwa mkononi na kutuma mkononi ada ya shule ya mdogo wake. Aliye kwenye orodha ya mishahara amekwisha kukatwa kodi ya mapato na ya pensheni kabla hajaishika fedha hiyo. Tungependa kumsikia kiongozi yeyote wa Baraza lile akieleza, mbele ya waandishi wa upande wowote, dola hiyo moja imewekwa ili kubana matumizi yapi.